Usiwaulize kama wamefanyiwa vurugu

Muuguzi mmoja anayesimamia wodi ya wanaume katika hospitali ya kaunti upande wa Kakamega ameniandikia. Anasomea shahada ya uzamili na anataka kupima jinsi wauguzi wa hospitali yake, wapatao 120, wanavyokutana na ukali wa wagonjwa. Mwalimu wake amemwambia achukue hojaji ya POPAS, inayohesabu aina za ukali wa wagonjwa, apige hesabu ya Yamane ya kujua ahoji watu wangapi, aanze. Lakini alipofungua kitabu cha matukio cha mwaka mzima alikuta matukio matatu tu. Alipowajaribu wenzake kumi, saba walisema hawajawahi kufanyiwa vurugu kazini, "isipokuwa zile za kawaida". Anauliza: tatizo halipo, au ninapima vibaya? Nitumie hojaji gani, na niiandike kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?

Sista, hizo "za kawaida" ndizo utafiti wako wote. Ukizipoteza, utarudi chuoni na jedwali safi lisilo na kitu ndani.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinipata. Hojaji yangu ya kwanza niliijaribu katika hospitali moja hapa Kisumu, na nesi wa kwanza kukaa nami alikuwa ametoka zamu ya usiku. Ilikuwa saa mbili kasorobo asubuhi, kikombe cha chai mbele yake, viatu amevivua chini ya meza. Nikamsomea: "Katika miezi 12 iliyopita, umewahi kufanyiwa vurugu na mgonjwa?" Akajibu hapana kabla sijamaliza sentensi. Nikaweka alama. Alipoinama kuvaa viatu nikaiona saa yake, ile ya kubandika kifuani inayoning'inia kichwa chini, haina kioo, na mfuko iliponing'inia umeshonwa kwa uzi wa bluu juu ya kitambaa cheupe. Nikamuuliza saa imepatwa na nini. "Hii? Kuna mzee wa malaria alinikamata wiki jana nikimwekea dripu. Alinivuta mpaka tukaanguka naye kitandani." Mbona sasa umesema hapana? Akaniangalia kama mtu asiyejua kazi. "Hiyo si vurugu. Yule alikuwa mgonjwa."

Nilikuwa nimeuliza neno, naye akajibu neno. Kilichompata hakikuingia kwenye fomu.

Kwa hiyo tuanze na maneno, maana hapa ndipo tafiti nyingi za kwetu huvunjikia. Ukichukua hojaji ya Kiingereza ukaipeleka kwenye kamusi, itakurudishia "uchokozi". Lakini uchokozi kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni jambo la mtoto anayemvuta mwenzake sikio darasani. Ni la makusudi, na lina utani ndani yake. Hakuna nesi atakayesema mgonjwa mwenye homa kali amemfanyia uchokozi. "Vurugu" inaleta picha ya umati, mawe na polisi. "Ukatili" unataka mtu mwenye nia mbaya. "Fujo" ni nyepesi, hata mlevi anayeimba saa nane za usiku analeta fujo. Kila neno kati ya hayo limebeba hukumu juu ya nia ya mtendaji, na muuguzi amefundishwa tangu chuo asimhukumu mgonjwa. Ukimuuliza kwa neno lenye hukumu, atamtetea mgonjwa wake. Atasema hapana, na kwa fahamu zake atakuwa amesema kweli.

Dawa yake ni kuuliza matendo. Liache jina la jambo, uliza mkono ulifanya nini na mdomo ulisema nini. "Je, mgonjwa au jamaa yake alikufokea mbele ya watu?" "Alikuita kwa jina la tusi, kwa lugha yoyote?" "Alikwambia atakungoja nje, au atakuonyesha?" "Alikunyakua, akakuvuta nguo au kitu ulichovaa?" "Alikupiga?" "Alikuuma kwa meno?" "Alikutemea mate?" "Alikurushia kitu, sahani ya chakula, choo cha kitandani?" "Alikushika mahali pa mwili usipotaka, au akakwambia maneno ya kimapenzi?" Kila kimoja kinasimama peke yake. Usiunganishe kupiga na kutukana katika swali moja, hutajua amejibu lipi. Na hiyo "kwa lugha yoyote" usiiache. Upande wetu huu mtu anafoka kwa Kiswahili, lakini akitaka kukuumiza hasa anarudi kwenye Kiluhya au Kijaluo.

Nia iulize, lakini baadaye, kwenye mstari wake. Baada ya tendo, uliza hali ya aliyelitenda: alikuwa na fahamu zake, alikuwa amelewa au ameacha pombe ghafla, alikuwa katika homa kali, sukari imeshuka, ametoka kwenye kifafa, ana ugonjwa wa akili, au ni mtu mzima timamu aliyekasirika. Ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima, na malaria ikipanda kichwani mtu hushika chochote. Ukitenganisha tendo na hali, yule nesi wa saa atajibu ndiyo kwenye la kwanza na atamtetea mzee wake kwenye la pili. Utapata vyote viwili, na utaweza kumwambia mkuu wa hospitali kwamba sehemu fulani ya matukio inahitaji mtu wa pili wakati wa kuweka dripu, na sehemu nyingine inahitaji mlinzi.

Sasa kitabu chenye matukio matatu. Jiulize kuandika tukio kunamgharimu nesi nini. Kuna kurasa za kujaza wakati dawa za saa nne zinangoja, halafu kuna kuitwa ofisini na kuulizwa, "Na wewe ulimwambia nini?" Swali hilo moja limefunga vitabu vingi. Na si huku kwetu tu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2015 ulilinganisha walichosema wafanyakazi wa hospitali na kilichoandikwa kwenye mfumo wa mwajiri wao: katika waliosema wamefanyiwa ukali, asilimia 88 hawakuwa wameandikisha hata tukio moja. Upande wa pili, uchambuzi wa 2019 uliokusanya tafiti 253 za nchi mbalimbali ulikuta wahudumu wa afya asilimia 61.9 wamekumbana na aina fulani ya ukali wa wagonjwa au wageni wao katika mwaka mmoja, mwingi ukiwa wa maneno. Kwa hiyo ukikuta hospitali yenye wauguzi 120 na matukio matatu kwa mwaka, unachopima ni kitabu. Kitumie hivyo hivyo: weka hesabu yake kando ya hesabu ya hojaji, na pengo kati ya hizo mbili liwe tokeo lako mojawapo. Binafsi ningelitengea sura nzima.

Kuhusu POPAS. Ni kazi ya Waholanzi ya mwaka 2001, ina aina 16 za ukali, kuanzia maneno mpaka mgonjwa kujiua, na inamtaka muuguzi akumbuke mwaka mzima. Ilitengenezwa kwa wodi za akili za Ulaya, na hapo ndipo shida ilipo. Katika wodi hizo mgonjwa anakaa wiki nyingi, mlango umefungwa, na jamaa anakuja kwa miadi. Wodi yako haiko hivyo. Kwako jamaa ndiye anayeleta uji, ndiye anayetumwa duka la dawa nje ya geti kununua sindano, ndiye anayesimama dirisha la malipo mfumo wa bima umekwama, kisha anarudi wodini amekunja ndita. Na kwenye idara ya dharura kuna jambo ambalo hakuna hojaji ya Ulaya iliyoliwaza: mwendesha boda ameanguka, wenzake thelathini wamemleta, wote wanataka kuingia chumba cha kushonea. Chombo kinachouliza habari za mgonjwa peke yake kitaliruka kundi hilo lote.

Kwa hiyo kama mwalimu wako hajakaza sana, ningekuelekeza kwenye hojaji iliyotolewa 2003 na Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Afya Duniani, Baraza la Kimataifa la Wauguzi na shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa umma. Imeshatumika katika nchi nyingi, zikiwemo za kipato kama chetu, inatenganisha ukali wa mwili na ule wa maneno, na inauliza aliyetenda ni nani: mgonjwa, jamaa, mfanyakazi mwenzako, mkubwa wako au mtu wa nje. Ni ndefu, ipunguze. Vipengele vyake vyenye majina mazito vivunje kuwa matendo kama nilivyokuonyesha. Akikaza, chukua POPAS kwa ruhusa ya wenyewe, ongeza safu ya "jamaa au mgeni" kila mahali, na useme wazi katika sura ya tatu, ile ya mbinu, kwamba umeongeza.

Kuna familia nyingine ya vyombo, na watu huichanganya na hii. MAVAS ya Uingereza, ya mwaka 2003, inapima mtazamo: muuguzi anaamini ukali unatoka wapi, ndani ya mgonjwa, kwenye mazingira, au katika namna wanavyozungumza naye. IMPACS, ya 2005, ina vipengele kumi na inapima athari: aibu, hasira, hofu, kujiona umeshindwa kazi. Zote ni nzuri, lakini hakuna inayohesabu matukio. Nimesoma tasnifu iliyotumia chombo cha mtazamo halafu ikaandika kwamba ukali "umeenea". Usifanye hivyo.

Jambo la muda. Miezi 12 ni mingi mno kwa hospitali za kwetu, kwa sababu nesi anazungushwa. Mwaka mmoja anaweza kuwa amefanya kazi wodi ya watoto, ya wanaume na ya uzazi. Akikwambia ametukanwa mara nyingi, ni wodi gani umeipima? Tena akili ya binadamu inavuta tukio kubwa la zamani karibu na inalisahau dogo la juzi. Ya kupigwa kofi mwaka juzi itaingia kwenye mwaka huu, na matusi ya Jumanne hayatakumbukwa. Uliza wiki nne zilizopita kwa matukio madogo. Kwa yale mazito, kupigwa, kuumwa, kushikwa, unaweza kuuliza mwaka mzima, lakini mpe msomaji kigingi cha kukumbukia: "tangu Krismasi iliyopita", "tangu ulipohamia wodi hii". Angalia pia kama kuna mgomo ndani ya muda wako. Ule wa wauguzi wa 2017 ulikwenda kuanzia Juni mpaka Novemba. Aliyepima mwaka ule alipima miezi ambayo wodi hazikuwa na watu, na ile iliyofuata ambayo watu walirudi na hasira zao. Huwezi kuilinganisha na mwaka mwingine bila kusema.

Sasa nikuombe jambo ambalo mwalimu wako hakuliomba. Pamoja na hojaji, chagua wodi mbili, uweke daftari la zamu kwa wiki nne. Ukurasa mmoja kwa tukio, alama za vema tu, dakika moja. Mfano mzuri ni SOAS-R, chombo cha Uswidi cha 1987 kilichorekebishwa 1999. Kina safu tano: kilichoanzisha, kilichotumika, aliyelengwa, madhara, na hatua iliyochukuliwa kuzuia. Alama zake zinaanzia 0 hadi 22. Muuguzi anaweka vema zamu ikiisha, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Na zamu isiyo na tukio iandikwe pia, "hakuna", la sivyo hutajua kama kulikuwa shwari au mtu alichoka.

Uzuri wa daftari ni kwamba unapata cha kugawanyia. Tuseme wodi yako ina wauguzi wawili asubuhi, wawili alasiri na mmoja usiku. Kwa siku 28 hizo ni zamu 140 za muuguzi mmoja mmoja: 112 za mchana kutwa (asubuhi na alasiri) na 28 za usiku. Tuseme umepata matukio 21, 12 kati yake mchana na 9 usiku. Ukiyatazama hivyo utasema mchana ndio mbaya. Gawanya: mchana ni karibu matukio 11 kwa kila zamu 100, usiku ni 32. Yule aliye peke yake usiku anabeba mara tatu. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwenye mkutano wa kupanga zamu. Asilimia ya "waliowahi" haitakusaidia hapo.

Halafu kuna wewe mwenyewe. Wewe ndiye msimamizi wa wodi, ndiye unayepanga zamu na kutia sahihi likizo. Hakuna nesi wako atakayekuandikia kwamba alimpigia soja simu mara tatu na hakuja, au kwamba alitukanwa na wewe ulikuwepo ukanyamaza. Fomu zisambazwe na mtu mwingine, tena si wa hospitali hiyo, na zirudi ndani ya bahasha zilizofungwa kwenye sanduku lililo mbali na ofisi yako. Ukitumia fomu ya mtandaoni kupitia kundi la WhatsApp la wodi, zima kile kipengele kinachokusanya barua pepe. Na usiulize umri, jinsia, cheo na wodi kwa pamoja. Kwenye wodi ya wauguzi wanane, "mwanaume, zaidi ya miaka 50" ni jina kamili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, lakini hata isingekuwepo, kijijini kwetu watu wanatambuana kwa kikohozi.

Ruhusa unazijua: kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu tafiti, na barua ya kaunti. Ninachotaka uongeze ni mpango wa siku ambayo fomu itarudi na jambo zito. Ukiuliza kuhusu kushikwa mwili, kuna atakayejibu ndiyo. Ukurasa wa mwisho wa hojaji, ule anaobaki nao, uwe na mahali pa kwenda kwa ushauri nasaha, na ukumbushe kwamba dawa za kuzuia HIV baada ya kuumwa kwa meno, kurushiwa damu au kubakwa zinaanzwa ndani ya saa 72. Wauguzi wanalijua hilo kwa wagonjwa wao. Kwao wenyewe husahau.

Kuna upande ambao utakukera, lakini mjumbe wa kamati atauuliza. Safu ya kwanza ya SOAS-R ni kilichoanzisha, na wakati mwingine kilichoanzisha ni sisi. Utafiti wa vituo 13 vya Kenya uliochapishwa 2015 ulikuta mama mmoja katika kila watano akisema alinyimwa heshima au alitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Mama aliyekupiga teke akiwa na uchungu na mama aliyeambiwa "nyamaza, ulikuwa wapi wakati unatafuta mimba" wanaweza kuwa mtu mmoja. Usiligeuze kuwa lawama, ila acha nafasi kwenye fomu: "Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Kusubiri, kukataliwa, dawa kukosekana, maumivu, maneno kati yenu." Wauguzi huijaza hiyo kwa uaminifu kuliko unavyodhani, mradi jina halipo.

Lugha: andika kwa Kiswahili. Najua wauguzi wetu wamesoma na kufanya mitihani kwa Kiingereza, na mwalimu atakwambia hakuna haja. Lakini Kiingereza ndicho cha ripoti. Nesi akikiona anavaa koti la kazi, anaandika kama anayemkabidhi mwenzake zamu, kwa tahadhari. Tafsiri ifanywe na wawili kila mmoja peke yake, kisha mtu wa tatu ambaye hajaona ya awali airudishe kwenye Kiingereza, mlinganishe. Halafu tafuta manesi watano, mmoja awe mstaafu, wasome kila swali kwa sauti na wakwambie kwa maneno yao linauliza nini. Hapo ndipo utakapobaini kwamba "kutishiwa" kwa wengine ni lazima kuwe na panga.

Yamane nimeiacha mwisho kwa sababu haistahili zaidi. Kwa wauguzi 120 na kosa la asilimia 5 itakupa 93. Ukishafikia 93, hao 27 waliobaki ni wa kazi gani? Waulize wote. Na mwalimu akidai alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi vipengele vinavyokwenda pamoja, ya 0.7 kwa orodha ya matukio, mweleze kwa upole kwamba aliyetukanwa si lazima awe ameumwa kwa meno, kwa hiyo vipengele hivyo havina sababu ya kwenda pamoja. Alfa ni ya vipengele kumi vya athari vya IMPACS. Kwa orodha, wape wauguzi ishirini fomu ile ile, ukiwauliza habari za mwezi ule ule, baada ya wiki mbili, uone kama majibu yanakubaliana.

Rasimu ya vipengele nitumie kabla hujachapisha nakala. Nataka hasa kuona ulivyoandika kile cha jamaa na kile cha boda.